Mama Mwenye Nyumba na Mashine Isiyozimwa

Mwenye nyumba wangu wa Temeke alikuwa na desturi ya kugonga mlango akiwa ameshaingia. Ukigeuka unamkuta katikati ya chumba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, anakagua dari, na shikamoo yako unaitoa huku bado unatafuta shati. Sote tulimwita Mama Mwenye Nyumba, hata watoto wa jirani ambao hawakuwa wapangaji wake. Jina lake halisi niliwahi kuliona kwenye bili ya maji, nikaona halimfai, nikalisahau. Alizaliwa wapi na nyumba ile aliipataje, sijui. Nisingethubutu kumuuliza, na hata ningethubutu angenijibu kwa kuniuliza kwa nini sijafagia upande wangu wa korido.

Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba nyingi za Temeke: korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo, bafu na kibanda cha kupikia. Kilichoifanya ijulikane mtaani ni nyaya. Siku zile biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vinaingia mjini kwa fujo, na kila mwenye ndugu Uarabuni alikuwa na kitu cha kuchomeka ukutani. Yeye alikuwa na mwana Muskat. Kwanza mwana alileta deki ya video. Mama Mwenye Nyumba hakupenda wapangaji wajazane sebuleni kwake na miguu yenye mchanga, basi akamwita fundi, wakapitisha nyaya juu ya dari kutoka kwenye deki mpaka kila chumba. Mwenye televisheni alichomeka, asiye nayo alitundikiwa spika. Tangu hapo nyumba nzima ikawa inatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mchaguzi ni yeye. Tulicheka pamoja huku kila mtu amejifungia kwake.

Deki ilipochoka ikaja kompyuta. Mwana aliileta mwenyewe alipokuja likizo, imefungwa kwenye blanketi, pamoja na kipaza sauti kidogo na mashine ya kuvuta umeme kutoka kwenye betri la lori, maana mgao wa umeme ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka. Kompyuta ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Ukitaka nyimbo au video zako unampelekea CD, anazipakia humo, halafu unaomba kwa zamu. Mama alijifunza kuiendesha kwa siku chache tu. Kipaza sauti alikipenda zaidi ya vyote. Ulikuwa unaweza kuwa umejilaza zako na taarabu yako, mara taarabu inakatika na sauti yake inatoka ukutani: "Aliyeacha bomba wazi ajijue. Mie namjua." Kisha taarabu inaendelea pale ilipoishia.

Kwa umeme alikuwa mkali kupita kiasi. Pasi marufuku. Jiko la umeme usilitaje. Balbu ya korido iliwaka kwa idhini yake. Lakini kompyuta ile haikuzimwa, usiku na mchana, na aliyehoji aliambiwa akapange Oysterbay kwa matajiri.

Nisije nikamchora kama askari tu. Ukiumwa, uji unaukuta mlangoni. Nilipofukuzwa kazi ya ukarani bandarini, alisimama koridoni akaniambia nisitembee nimeinamisha kichwa kwenye nyumba yake, watu watadhani ananidai. Ilikuwa ni njia yake ya kunipa pole, nami nilielewa baada ya siku kadhaa.

Lakini kumjua hasa ilibidi ukae naye uani. Pale kila mpangaji alikuwa na jiko lake la mkaa, na sheria ya uani ilikuwa moja: chungu cha mtu hakiguswi. Unaweza kumwita mwenyewe. Unaweza kupunguza mkaa ukiwa na roho nzuri. Kuepua, hapana. Jumapili moja fundi cherehani, dada mmoja aliyekuwa chumba cha mbele, aliteleka maharage akaenda kwa shoga yake wakanogewa na maongezi. Maharage yakakauka, yakaanza kuungua, moshi ukatanda mpaka barazani. Mama Mwenye Nyumba alikaa kwenye kigoda pembeni ya sufuria lile, machozi yanamtoka kwa moshi, anaita jina la mwenyewe kwa sauti ambayo mpaka watu wa mtaa wa Mtoni waliisikia. Mie nikashika kitambaa niepue.

"Ni yako hiyo?" akaniuliza.

"Si yangu mama, lakini yanaungua."

"Nimekuuliza ni yako?"

Nikaweka kitambaa chini. Yaliungua mpaka sufuria likatoboka. Fundi cherehani aliporudi alipewa kwanza pole, halafu akapewa sufuria la Mama mwenyewe, jipya, lililokuwa bado na karatasi ya dukani. Ndivyo alivyokuwa. Hasara yako angekulipia, lakini mkono wake usingeugusa mzigo wako bila wewe kusema.

Sasa niseme juu yangu, kwa kuwa bila mimi habari hii ingekuwa fupi. Nilikuwa na cheti cha kompyuta. Nilikipata kwenye kozi ya jioni ghorofani Kariakoo, ambako wanafunzi wanne tuligawana kibao kimoja cha herufi, na mie nilikaa upande wa herufi zisizotumika sana. Cheti nilikitia kwenye fremu nikakitundika mkabala na mlango, ili Mama akiingia bila kugonga akione. Akakiona. Kuanzia siku hiyo akaniita Kompyuta, na kila kitu chenye waya kikawa changu. Nilitengeneza redio ikanyamaza moja kwa moja. Nilitengeneza kengele ya mlango ikawa inalia ukifungua friji. Kwenye kozi tulifundishwa mengi, ila lililowahi kunifanyia kazi maishani ni moja: zima, subiri kidogo, washa. Nililisema kwa lugha mbalimbali na uso wa daktari, na watu wakaniheshimu.

Ndipo mashine ya Mama ikaanza kuzembea. Wimbo ukawa unatafuna maneno. Picha ya video inasimama, mtu amefungua mdomo, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukamkuta hajafunga. Nikaitwa. Nilifika na kalamu sikioni, sijui ya nini, nikatazama, nikatikisa kichwa.

"Hapa mama tunazima, tunawasha."

"Haizimwi."

"Mama, ikizimwa inapumzika, ikiamka—"

"Wewe Kompyuta, husikii? Haizimwi. Kaa chini."

Nikakaa. Akanisimulia. Asubuhi ile mwanawe anaondoka, teksi iko nje inapiga honi, alimwonyesha namna ya kurekodi kwa kipaza sauti. Wakajirekodi kidogo, teksi ikapiga honi tena, akambusu mkono akakimbia. Ile rekodi ikabaki wazi kwenye kioo kama alivyoiacha. Tangu hapo barua zilikuwa zimekuja, zikapungua, zikakoma. Simu ya kazini kwake ilikuwa inapokelewa na mtu asiyejua Kiswahili. Hakujua mwanawe yu hai au vipi, na alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Alichokuwa nacho ni ile sauti, na kila asubuhi baada ya sala aliipiga.

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya kijana: "Moja, mbili, tatu. Mama, sogea hapa. Sema kitu." Halafu sauti yake yeye: "Niseme nini?" "Sema chochote mama." "Sina la kusema. Umebeba sweta?" Kisha honi. Kisha mwana anacheka, na kicheko kile kilikuwa kinakatika katika kwa uzito wa mashine. Basi.

Nilikuwa nimemsikia asubuhi nyingi kupitia ukuta akizungumza peke yake, anamweleza mtu bei ya unga na nani kahama, nikadhani ni uzee. Kumbe alikuwa anamjibu mwanawe.

Nikatazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua. Sauti ile haikuwa imehifadhiwa popote. Ilikuwa imeshikiliwa tu na mashine kwa kuwa inawaka, na ikizimika, imekwenda. Nikajaribu kuihifadhi. Mashine ikakataa, nafasi imejaa. Nikataka kuiweka kwenye disketi, lakini mtoto wa mpangaji mmoja alishatumbukiza shilingi kwenye tundu lake. Nikachukua redio kaseti, nikairekodi kutoka kwenye spika. Mama akaisikiliza, akasema huyo anaongea ndani ya pipa, si mwanawe. Wakati huohuo magazeti yanasema mgao unarudi, na betri la lori lilikuwa limezeeka, halimalizi hata mchana mmoja.

Ikabidi nijue kwa nini imejaa. Chini ya kioo palijaa visanduku vya vitu vilivyoachwa wazi, nikaanza kuvifungua kimoja kimoja, na nilichokiona ni uani kwetu. Kila aliyewahi kuomba wimbo au video, Mama alimfungulia, na ikiisha hakuifunga, kwa kuwa si yake. Za wapangaji waliopo, za waliohama, zote ziko wazi zimekaa tuli, kila moja imeshika sehemu yake ya mashine, kama majiko yanayowaka na wenyewe hawapo. Mashine ikielemewa inapeleka mizigo stoo, na stoo nayo imejaa vitu vya watu walewale. Nikamweleza hivyo, kwa majiko na stoo. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mie kule Kariakoo.

"Basi tufunge za watu, tufute mbili tatu, tupate nafasi," nikasema.

"Umewauliza?"

"Mama, walishahama."

"Wamehama wao. Walisema na vitu vyao vimehama?"

Nikamkumbusha ni mwanawe tunayemzungumzia. Akaniangalia, na nikaona anaumia. Akasema anajua ni mwanawe kuliko ninavyojua mie, lakini kama atampata kwa kutupa vya watu, atakuwa anamsikiliza huku anaona haya. Nilianza na nyimbo zangu mwenyewe, nikafuta zote. Mashine ikaimeza ile nafasi papo hapo, kwa njaa iliyokuwa nayo, kabla sijainua mkono. Wapangaji waliopo wakaja mmoja mmoja, kila mtu akafunga zake kwa kidole chake, wengine wamevaa vizuri kabisa kama wamekuja kupiga kura. Bado. Mizigo mikubwa ilikuwa miwili, video ndefu za watu wawili waliohama: fundi cherehani wa maharage, siku hizo yuko Tegeta, na askari magereza aliyehamishiwa gereza la Segerea.

Ndiyo maana mtu mwenye cheti kwenye fremu alitumwa kuzunguka Dar es Salaam kuomba ruhusa ya kufuta sinema.

Tegeta nilifika nimejaa vumbi. Fundi cherehani alikuwa anashona kwenye baraza la nyumba ambayo haijaisha kujengwa, akanipa maji, akanisikiliza. Video yake ilikuwa ya harusi yake.

"Mama kaitunza mpaka leo?" akauliza.

"Anasema ni yako."

Akakata uzi kwa meno. "Mwambie afute. Ndoa yenyewe haikudumu kama hiyo video. Ila msalimie sana, mwambie lile sufuria bado ninalo."

Segerea ilikuwa kazi. Askari wa getini aliniuliza nimekuja kumwona mfungwa gani. Nikasema sina mfungwa, nimekuja kumwona askari, nimwombe ruhusa nifute kitu. Kitu gani? Video. Video ya nini? Nikasema sijui, nimetumwa na mwenye nyumba. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayepaswa kukaa upande wa pili wa ukuta. Wakaniweka kwenye benchi pamoja na ndugu wa wafungwa, mama mmoja akanigawia muhogo, akaniuliza wangu kafanya nini. Nikasema kajaza nafasi. Akanipa pole.

Askari alipotoka alinikumbuka, akacheka, halafu akaacha kucheka. Video ilikuwa ya pambano la ngumi, yeye mwenyewe ulingoni, enzi hizo hana tumbo. Hakuwa na nakala nyingine.

"Siwezi kumkatalia Mama," akasema. "Lakini siwezi kusema futa nikiwa hapa. Jumamosi nakuja. Nitazame kwanza."

Jumamosi asubuhi umeme ukakatika. Kompyuta ikabaki inavuta kwenye betri, taa ndogo ya kijani imeanza kupepesa, na askari hajafika. Mie natembea korido nzima. Mama amekaa mbele ya mashine na mikono magotini. Nilimwomba atoe ruhusa nifute tu, nitamwomba radhi askari mwenyewe, nitampigia magoti. Akasema hapana. Nikamwambia atajuta. Akasema ndiyo, atajuta.

Askari alifika mchana, na sare yake, na kilo ya sukari. Mama akampa chai. Nikadhani watafanya haraka. Wakatazama pambano lote. Mashine imechoka, ngumi inanyanyuka, inasimama hewani, inatua baadaye sana. Askari anaeleza kila raundi, Mama anauliza maswali, anataka kujua yule mwenye kaptula nyekundu alikuwa mtu wa wapi. Mie nimesimama nyuma yao nikitazama ile taa ya kijani, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Raundi ya mwisho askari alidondoka, akahesabiwa, hakuamka. Kumbe alipigwa. Miaka yote ile aliomba awekewe pambano alilopigwa.

Askari akaweka kikombe chini. Kisha akasogea, akaniuliza kitufe kiko wapi, akafuta mwenyewe. Nikafuta na harusi, niliyokuwa nimeiacha ili nafasi zote mbili zipatikane kwa pamoja, mashine isiwahi kuzimeza. Safari hii nafasi ilibaki. Nikahifadhi sauti, mashine ikafikiri, ikafikiri, ikakubali. Nikaifunga, nikaifungua tena kuhakikisha: "Moja, mbili, tatu. Mama, sogea hapa." Betri likakata palepale, kioo kikawa cheusi.

Mama hakushukuru kwa maneno. Alilia, wazi, mbele yetu, akajifuta kwa ncha ya kanga. Umeme uliporudi mashine iliwaka upesi kuliko siku zote, na sauti ikatoka nzima, kicheko kikiwa hakijakatika popote. Nami nilijisifia mtaa mzima kwa wiki kadhaa, bila kutaja kwamba nilichofanya hasa ni kubonyeza, na kabla yake kula muhogo gerezani. Mama akaamua nimfundishe kila kitu: kuhifadhi, kunakili, kupanga mafaili, kufuta. Tulikaa jioni nyingi. Nilikuwa mwalimu mwenye maneno mengi, naye alikuwa anasinzia kwa adabu.

Halafu nikapata kazi, nikahama, nikafanya kama wapangaji wote, nikasema nitakuja Ijumaa.

Miaka ikapita kabla sijamwona tena. Nilikwenda Kinyerezi kutazama kiwanja ambacho mpaka leo hakijapata hata tofali, nikapita mbele ya nyumba mpya yenye ukuta mfupi, nikamwona amekaa kibarazani anachambua mchele. Amekonda, macho yaleyale. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama bado natengeneza kengele.

Nyumba ilikuwa ya mwanawe. Alikuwa amerudi. Alikuwa mgonjwa huko, alilala hospitali muda mrefu, halafu akaona aibu kuandika akiwa hana kitu, halafu aibu ikazidi kadiri muda ulivyokwenda. Mama alinieleza hayo huku akipepeta. Akasema siku aliyomwona mlangoni alimpiga kofi kabla ya kumkumbatia.

Nilifurahi, nikasema basi ile sauti sasa wanaisikiliza pamoja.

"Nimeifuta," akasema.

Nikadhani sijasikia. Nikamuuliza nani kaifuta.

"Mie. Ulinifundisha mwenyewe. Katika yote yale nilishika kufuta tu, mengine yalikuwa marefu." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Ile sauti yake. Aliporudi nikamwambia, baba, kuna kitu chako kwenye mashine, nikitunze au nikifute? Akasema futa mama, makorokoro ya zamani."

"Ukamwambia ni nini?"

"Hakuuliza."

Nikawaza Tegeta, Segerea, lile benchi. Nikawaza askari akidondoka ulingoni kwa mara ya mwisho. Nilitaka kukasirika, nikashindwa kupata wa kumkasirikia. Nikamuuliza kama hakuumia.

"Niliumia. Nililia siku nzima, nikasingizia vitunguu. Lakini si chake?" Akashusha ungo magotini. "Na siku hizi hasemi sana, unajua. Katoka kule kawa mtu wa kimya. Akisema neno inabidi nilisikie hapohapo, maana sina pa kumrudisha nyuma."

Nikafungua mdomo nimwambie kitu cha maana, kitu kinachofaa kusemwa na mtu mwenye cheti. Akaninyooshea kidole ninyamaze, akageuza mlangoni sikio lake moja lililokuwa bado linasikia vizuri. Ndani mwanawe alikuwa anauliza chumvi iko wapi.